Ng'ombe Hatobolewi Mara Mbili

Zamani za Mwingereza, ukifika Mtinko na kuuliza nyumba ya Antipasi iko wapi, mtu hakuonyeshi kwanza. Anakuuliza, "Ng'ombe wako amevimba tangu saa ngapi?" Maana hakuna aliyemtafuta Antipasi mbio mbio kwa jambo jingine. Alikuwa mkulima kama wakulima wengine, mwenye shamba la uwele na mtama, ng'ombe wa kumtosha, na tembe ambayo mbuzi hupanda juu ya paa lake na kulichezea. Lakini jina lake lilitembea mpaka Unyambwa kwa ajili ya kisu kimoja chembamba na kipande cha tete.

Mambo yalikuwa hivi. Mvua za kwanza zikinyesha, majani machanga yanachipua, na ng'ombe waliokonda kwa kiangazi hula kama walioalikwa harusini. Kuna anayejaa upepo tumboni mpaka ubavu wa kushoto unapanda kuliko uti wa mgongo. Anahema, ulimi nje, miguu imetanuka kama ya kigoda. Hapo ndipo watu hukimbilia kwa Antipasi. Naye hana haraka. Anampiga ng'ombe ubavuni kwa kiganja, anasikiliza kama mtu aliyebisha hodi, anapima kwa vidole kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, halafu, pu! Kisu kimeingia, tete limefuata, na upepo unatoka kwa mlio na harufu ambayo watu wa Mtinko waliwasimulia wageni kama habari ya fahari. Muda si muda ng'ombe anajikung'uta, anaondoka zake malishoni, siku ile ile, kama si yeye.

Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa na sheria yake. Baba yake Antipasi alimfundisha, naye alifundishwa na baba yake: ng'ombe hatobolewi mara mbili. Akivimba tena msimu ule ule, huyo amekwisha kuharibika ndani, na kumtoboa ni kuchezea nyama. Basi Antipasi anampiga kiganja, anatikisa kichwa, anakifuta kisu chake bila kukitumia, na kusema, "Hapa mimi sipo. Hii ni zamu ya Idrissa."

Idrissa alikuwa mnunuzi wa ngozi, Mwislamu aliyetoka Unyamwezi akaoa pale na kukaa. Ndiye aliyechinja, ili Waislamu na Wakristo wale pamoja pasipo mtu kusita. Na hilo neno "zamu ya Idrissa" lilikuwa na miguu. Kabla kisu hakijanolewa, watu wamekwisha fika na vikapu. Bega kwa mjomba, kidari kwa wachungaji, shingo kwa majirani, na ngozi Idrissa anaitazama kwa jicho moja na kusema haifai kitu. Ilikuwa huzuni ya mtu mmoja na karamu ya kijiji kizima.

Mwaka mmoja zamu hiyo ikamwangukia ng'ombe wa Yustina. Yustina alikuwa mjane, mzee, mwenye ulimi ambao hata mbwa waliupisha njia. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa maziwa, na hakuwa na mwingine. "Mjaribu tena, mwanangu," akamsihi Antipasi.

"Mama, ningependa. Lakini sheria ni sheria."

Watu wakala nyama. Yustina hakula. Alikaa mlangoni pake akiwatazama wanavyotafuna, mmoja baada ya mwingine, mpaka wengine wakageuka wakamalizia wakiwa wameelekea ukutani.

Sasa, miaka michache kabla Mwingereza hajafunga mizigo yake, Antipasi mwenyewe akaanza kuvimba.

Alianza na kikohozi kidogo na jasho la kulowesha shuka. Akakonda mashavu, halafu miguu ikajaa. Ukiibonyeza kwa kidole, kidole kinaacha shimo. Mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za kitanda. Akilala chali, pumzi inakatika, kwa hiyo akawa analala ameketi, Luciana mkewe amemwekea gunia la pumba mgongoni. Kupanda juu ya tembe kuanika mtama, kazi ya siku zote, ikawa safari ya kupumzika njiani.

Idrissa akaja kumwona. Hawa wawili walikuwa watani, na mtani haji kukupa pole, anakuja kukuchokoza.

"Mtani, umekula majani machanga?" akamuuliza, na bila kungoja jibu akampiga kiganja ubavuni. "Sikiliza huko! Debe la maji. Nakuambia mapema, ukifa ngozi yako siinunui. Ina makunyanzi, na kupe wameichezea."

"Nani kakwambia inauzwa? Hii nitazikwa nayo." Antipasi akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi, akashika ukuta.

"Nyinyi mtacheka mpaka shimoni," akasema Luciana. "Shemeji Idrissa, acha kumpigapiga mume wangu kama ngoma. Lori la chumvi linapita lini?"

Lori lilipita, likawapeleka kwenye hospitali ya misheni huko upande wa Iramba. Mganga wake alikuwa Mzungu mrefu, ambaye watu walimwita Bwana Mganga tu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kupita kiasi, kama nguo iliyopigwa pasi. Msaidizi wake alikuwa Dorkas, mwuguzi, binti wa Kinyiramba mwenye mikono miepesi. Bwana Mganga akamkalisha Antipasi kitandani, akaweka kidole cha mkono mmoja kifuani pake, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, ko, ko, ko, huku akisikiliza.

Antipasi akafurahi sana. Akamnong'oneza Luciana, "Huyu ni mwenzangu."

"Moyo wako," akasema Bwana Mganga, "umezungukwa na ngozi nyembamba, kama mfuko. Ndani ya mfuko huo maji yamejaa. Yanaubana moyo, haupati nafasi ya kutanuka na kupokea damu. Ndiyo maana unavimba na pumzi ni fupi."

"Unatoboa?"

"Ninatoboa."

"Wapi?"

"Hapa, chini ya mfupa wa kifua. Sindano inaelekea bega la kushoto."

Antipasi akafikiri kidogo. "Mimi hutobolea nyuma, karibu na nyonga."

"Wewe unatoboa watu?" Bwana Mganga akashtuka mpaka miwani ikateleza.

"Ng'ombe, Bwana Mganga," akadakia Luciana. "Ng'ombe tu. Watu anawachosha kwa maneno."

Wakamwegemeza kwenye mito, wakamchoma dawa ya ganzi, kisha ikaja sindano ndefu ambayo Antipasi aliitazama kwa heshima ya fundi. Maji yakatoka, ya rangi ya chai isiyo na maziwa, bomba baada ya bomba, Dorkas akiyamimina kwenye bakuli. Kadiri bakuli lilivyojaa, ndivyo kifua kilivyofunguka. Ilikuwa kama mtu aliyetoka mbali na mzigo wa kuni kichwani, sasa watu wanamtua. Siku ile alilala chali, akakoroma hata wagonjwa wa jirani wakalalamika.

Dorkas akamweleza vizuri, hakumficha. "Baba, maji yametoka, ugonjwa haujatoka. Bwana Mganga anadhani ni kifua kikuu kimeingia kwenye ule mfuko wa moyo. Kuna sindano za kila siku na vidonge, kwa miezi mingi. Ukiondoka, maji yatarudi."

Antipasi alisikia, lakini alisikia kama mtu anayesikia mvua ikinyesha kijiji cha pili. Yeye alikuwa mzima! Miguu inapungua, pumzi imejaa tele. Tangu lini ng'ombe aliyetobolewa akafungwa zizini miezi? Anakwenda malishoni siku ile ile. Yeye alikuwa amewapa heshima, akakaa zaidi ya ng'ombe. Basi asubuhi moja, wagonjwa wakiota jua uani, Luciana akiwa kisimani, akachukua fimbo yake akamsalimu mlinzi wa lango.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Nakwenda kutazama malisho," akasema Antipasi, na hakusema uongo. Luciana alimkuta njiani amekaa juu ya jiwe anangoja lori, akamgombeza tangu pale mpaka Mtinko. Lakini naye alipomwona mumewe anapanda juu ya tembe bila kupumzika, moyo ukalainika, akanyamaza.

Zilikuwa siku za raha. Antipasi alicheza bao na kumfunga Idrissa, alitembea mpaka Ihanja kumwona binti yake Kristina aliyeolewa huko, alionyesha kovu lake kwa kila aliyetaka na asiyetaka. Halafu jioni moja akivua viatu vyake vya matairi aliona mikanda imeacha mifereji miguuni. Akabonyeza kwa kidole. Shimo likabaki.

Hakumwambia mtu. Alijipiga kiganja kifuani, akasikiliza, akatikisa kichwa kama alivyotikisa juu ya ng'ombe wengi. Hakulia. Alikuwa amewahukumu wengi, angewezaje kujipendelea?

Akaanza kugawa.

Luciana alitoka kuchota maji, aliporudi akakuta kigoda kimekwenda. "Kiko wapi kigoda?"

"Nimempa mjomba Laurian. Hilo ndilo bega."

"Bega?"

"Na bao nimewapa wachungaji. Hicho kidari. Jembe jipya ni shingo, la majirani. Nimevimba tena, Mama Kristina. Sheria unaijua."

Luciana akautua mtungi polepole. "Na mimi, Baba Kristina, katika nyama hii ni kiungo gani?"

"Wewe ndiwe mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe hubaki na ngozi."

"Ngozi yenyewe hata Idrissa kaikataa!" Akalia na kucheka kwa pamoja, akamrushia kata ya maji, ikampata begani.

Idrissa alipoitwa alifika mikono mitupu. "Mtani, sokoni watu wananiuliza kama nakuja na kisu. Mwingine ameniuliza kama utakuwa na mafuta. Nimewaambia huyu ni mifupa na maneno. Mimi sichinji mtu aliyenifunga bao juzi; watasema nimelipiza. Twende hospitali."

"Kufanya nini? Nimekwisha kutobolewa."

Idrissa, mtu wa maneno, hakumsukuma tena. Maana yeye ndiye aliyekuwa akiingia baada ya sheria ile, naye alikuwa akiiamini kama wote.

Kilichobaki kugawa ni mtamba mmoja mwekundu, mzuri, anakaribia kuzaa mara ya kwanza. Antipasi akatuma aitwe Yustina. Bibi akaja na fimbo yake, akasimama uani bila kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekufa?"

"Bado, mama."

"Mbona unagawa?"

"Maji yamerudi. Nimevimba mara ya pili. Unaijua sheria."

"Naijua sana. Ilinilia ng'ombe wangu."

"Ndiyo maana nimekuita. Mtamba yule ni wako."

Yustina akamtazama mtamba, akamtazama Antipasi aliyeegemea ukuta akihema. "Nikuulize jambo. Ulishawahi kumtoboa ng'ombe mmoja mara ya pili, ukamwona anakufa?"

Antipasi akafungua kinywa. "Baba yangu alisema..."

"Sikukuuliza baba yako. Baba yako namjua, tumechunga naye mbuzi, alikuwa mwoga hata wa vyura. Nakuuliza wewe."

"Sijawahi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Watu wanakuwa wamekwisha kuja na vikapu, mama."

Idrissa akatazama vidole vyake vya miguu. Luciana akaufunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Haya," akasema Yustina. "Mtamba namchukua, usidhani nitakataa. Na wewe unakwenda kutobolewa tena. Nataka kujua. Ukifa, nitasema Antipasi alikuwa na haki, na roho yangu itatulia juu ya ng'ombe wangu. Ukipona, nitakutukana mbele ya watu mpaka nichoke."

"Sasa wewe, mama, unaniombea lipi?"

Bibi akafikiri kwa haki kabisa. "Mimi ni mzee," akasema. "Kutukana kunanipa nguvu." Akamfungua mtamba, akaenda naye.

Luciana hakungoja mengine; mzigo ulikuwa umekwisha kufungwa. Ndani ya lori, amebanwa kati ya magunia, Antipasi aliogopa mambo mawili yaliyovutana. Aliogopa kufa, kama kila mwenye akili. Na aliogopa kupona. Akifa, alikuwa fundi aliyesema kweli maisha yake yote. Akipona, basi nyuma yake kuna msururu wa ng'ombe, wa Yustina mbele, wanamtazama na kumuuliza, na sisi je? Kila lori liliporuka juu ya jiwe, alisikia maji yanatikisika kifuani, au alidhani anayasikia.

Dorkas alikuwa mlangoni. "Shikamoo baba. Karibu kutoka malishoni. Majani yalikuwa mazuri?"

"Marahaba, mwanangu. Yalikuwa mafupi."

"Shikamoo yangu ya leo ina hasira, uijue." Lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kumshika kwapani, ikimpeleka kitandani upesi.

Safari hii haikuwa nyepesi. Maji yalitoka kidogo kidogo, yamechanganyika na wekundu. Kisha, sindano ikiwa bado ndani, moyo wa Antipasi ukaruka kama ndama aliyekata kamba: mbio, kimya, mbio tena. Akaona taa inakuwa ndogo kama punje ya uwele, halafu hata punje haikuwapo.

Alipofumbua macho, miguu yake ilikuwa imeinuliwa juu ya mito, na Bwana Mganga anajifuta jasho.

"Sindano imeugusa moyo kidogo, ukashtuka," akasema. "Huwa inatokea. Nimeitoa. Lakini maji sikuyamaliza."

"Ng'ombe nao hurusha teke," akasema Antipasi kwa sauti ya kukwaruza.

"Na wewe umerusha," akasema Dorkas, akimwonyesha alama mkononi mwake. "Tena la nguvu. Nikajua huyu hajafa."

Wakaanza sindano za kila siku. Hakutoroka; tena Luciana alikuwa amekificha kiatu chake kimoja. Lakini maji hayakungoja dawa. Yalirudi polepole, kama maji ya kisima cha mchangani: unateka, unageuka, yamejaa. Antipasi akarudi kulala ameketi. Bwana Mganga akaja akavuta kiti, akakaa kando ya kitanda kama jirani.

"Ng'ombe wako wamejaa upepo," akasema. "Upepo ukitoka, umetoka. Maji yako yana chemchemi. Ugonjwa uko kwenye ngozi ya ule mfuko, ndio unaotoa maji. Sindano za kila siku zitaikausha chemchemi, lakini zinakwenda kwa miguu. Mpaka zifike, lazima maji yawe na njia ya kutokea. Nataka kupasua mahali padogo chini ya kifua, nitoboe mfuko kama dirisha, na kuacha mpira ndani."

Antipasi akasikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza mtu. "Unataka kuniachia tete."

Bwana Mganga akamtazama Dorkas. Dorkas akacheka. "Ndiyo, baba. Tete la mpira."

"Nikikataa?"

"Moyo utabanwa tena," akasema Bwana Mganga. "Na hautakuwa na nguvu za kungoja."

"Nikikubali, nitapona?"

"Siwezi kukuapia. Wengi hupona. Wengine hapana."

Antipasi hakuwahi kumjibu mwenye ng'ombe hivyo. Yeye kila siku alijua. Huyu mtu mrefu, mwenye vyuma vyote vile vinavyong'aa, anasema hawezi kuapa, na bado ananoa kisu. Akamtazama Luciana. Luciana alikuwa amevishika vidole vyote vitano vya mumewe kana kwamba anaogopa visije vikagawiwa.

"Fanya," akasema Antipasi. "Kuna bibi anataka kujua."

Walimpasua kwa ganzi, yu macho. Dorkas alimwekea pazia la kitambaa asione, naye akalalamika kwamba fundi anafichwa kazi ya fundi mwenzake. Kisha akasikia kitu kinaachia ndani, kama mkanda uliobana unafunguliwa, na maji yakateremka kwenye chupa chini ya kitanda. Safari hii taa haikuzimika.

Isidhaniwe yaliisha hapo. Kidonda kilishika usaha, homa ikampanda, akawa anawaita ng'ombe kwa majina hata waliokwisha kuliwa. Luciana alimpikia uji kwenye jiko la wageni akamnywesha kwa kijiko, akimtukana taratibu kwa Kinyaturu ili asisinzie. Dorkas akasafisha kidonda asubuhi na jioni. Homa ikashuka. Chupa ya chini ya kitanda ikawa inajaa nusu, kisha robo, kisha chini tu, na mwisho ikakaa kavu. Wakautoa mpira. Wakangoja maji yarudi. Hayakurudi. Miguu ya Antipasi ikawa miembamba kama ya korongo, naye akaiona mizuri.

Sindano ziliendelea miezi, mpaka akasema makalio yake yamekuwa ungo, yanaweza kupepeta uwele. Idrissa akaja kumtembelea na kibuyu cha asali.

"Habari za nyumbani, mtani?"

"Nzuri. Mtamba amezaa, ndama jike. Yustina hajambo, anafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukutukana. Jana nimemsikia anajaribu kwa jogoo. Jogoo hajawika tena."

Antipasi akacheka, akacheka, akashika kovu lake, na kicheko hakikugeuka kikohozi.

Alirudi Mtinko na mfuko wa vidonge na amri ya kutobeba mzigo, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kuamsha majani. Fahali wa Laurian alikuwa amevimba, na Antipasi akamtoboa kama zamani. Siku chache baadaye fahali yule akavimba tena. Antipasi alipofika zizini, uwanja ulikuwa umejaa. Watu wameketi kwa mistari, vikapu magotini, na nyuma ya wote Idrissa amesimama na kisu chake. Yustina naye alikuwapo, ameegemea fimbo, hana kikapu.

Antipasi akampiga fahali kiganja, akasikiliza. Watu wakaanza kusimama.

"Kaeni," akasema. "Nipeni tete."

"Mpwa wangu, hii ni mara ya pili!" akasema Laurian.

"Najua, mjomba."

"Na sheria?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Sisi tumeacha kupika nyumbani!"

"Sheria ilikuwa ya baba. Mimi sijawahi kujaribu."

"Atapona?" Laurian akauliza, naye amemshika fahali pembe.

"Siwezi kukuapia, mjomba."

Wakatazamana. Antipasi hajawahi kusema hivyo. Akapima vidole, kando kidogo ya kidonda cha kwanza, pu, akaingiza tete. Upepo ukatoka, watu wakaziba pua. Lakini hakulichomoa tete. Alilifunga kwa kamba ya ngozi kulizunguka tumbo la fahali lote, akalikaza, likabaki pale linapiga mluzi kila fahali akipumua. Halafu akakaa chini, kwenye kigoda chake cha zamani ambacho Laurian alimletea bila kuambiwa, akangoja na wengine.

Jua likateremka. Fahali akasimama kichwa chini, hali, hanywi. Vikapu vikaanza kusogezwa mbele. Idrissa akajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba, kwa aibu. Ndipo fahali akatoa mlio mkubwa kooni, akanyoosha shingo, na taya lake likaanza kwenda, kushoto, kulia, kushoto. Alikuwa anacheua.

"Eee!" watu wakasema, nusu kwa furaha na nusu kwa njaa. Mwanamke mmoja akageuza kikapu chake juu chini akakikalia. Luciana, aliyewajua majirani zake, alikuwa amekwisha kwenda nyumbani kukoroga sufuria kubwa. Wote wakamfuata, wakakaa uani kwa Antipasi wakala ugali wa uwele na mlenda, wakinung'unika kwamba nyama ingekuwa bora.

Yustina alikula kwanza akashiba. Kisha akasimama, akapangusa mikono, akaikaza fimbo ardhini.

"Antipasi!"

"Naam, mama."

"Kumbe ilikuwa ni kamba tu! Kamba! Kichwa hicho kimekaa juu ya shingo miaka yote, kama kibuyu cha mbegu, kazi yake kutikisika! Mkono wa kutoboa umepewa, akili ya kujaribu ulimwachia nani, mbwa wa baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Usinijibu! Macho kama ya chura aliyekalia jiwe la moto! Pua imekaa usoni kama mgeni asiyejua kuaga! Ulimla ng'ombe wangu kwa uvivu wa kufunga fundo!"

"Kweli, mama."

Watu walikuwa wameacha kutafuna. Idrissa alikuwa amelala chini kwa kicheko. Yustina akaendelea mpaka sauti ikakauka, akakohoa, akatafuta mahali pa kukaa. Antipasi akanyanyuka, akamkalisha kwenye kigoda, akamletea maji kwenye kata, akamshikia mpaka akanywa yote.

Bibi akapumua. Akamtazama kifuani, pale kovu lilipoonekana kwenye shati lililokosa kifungo, akaligusa kwa kidole kimoja, kwa wepesi, kama mtu anayejaribu kama chungu kimepoa.

"Haliumi?"

"Haliumi, mama."

"Haya," akasema, akimrudishia kata. "Tulikuwa tumefika wapi?"

"Puani, mama. Umemaliza pua."

"Aa. Basi tuingie kwenye masikio."